Mupanga, Upanga na Kupakupa

Juma hili twaacha kidogo majina ya miti na ya samaki, ili tujibu swali lililotufikia kutoka Lokandu, kule kwenye mto Lualaba, kaskazini ya Kindu. Walioliuliza ni wanafunzi wa darasa la sita, nao wameliandika kwa adabu na kwa hati njema.

Habari yenyewe ni hii. Katika somo la dini walisikia jinsi Mtakatifu Petro, usiku ule wa Gethsemani, alivyochomoa upanga na kumkata Malko, mtumishi wa Kuhani Mkuu, sikio la kuume. Mmoja wao akainua mkono akauliza: "Je, Petro alikuwa ametoka kulima?" Maana kwao mupanga ni chombo cha shamba, kila nyumba inacho. Wenzake wakacheka. Mwalimu akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba upanga ni kitu kimoja na mupanga ni kitu kingine. Hapo mwanafunzi mwingine akasema kwamba nyumbani kwao mama amelikataza kabisa neno "mupanga". Asema ni neno la damu, na chombo cha shamba kiitwe "kupakupa". Basi wanafunzi hao wataka kujua: ni jina moja au ni majina matatu? Yametoka wapi? Na mama yule ana haki?

Swali si dogo kama linavyoonekana. Tulijibu kwa utaratibu.

Neno hili si la Waarabu wala si la Wazungu. Ni neno la Kibantu, tena la kale. Ushahidi wake ni kwamba twalikuta katika lugha zilizo mbali mbali sana. Wabemba, wa Zambia na wa Katanga, husema lupanga. Wachewa wa Malawi nao husema lupanga. Kwa Kilingala husemwa mopanga. Na Washona wa Zimbabwe husema banga; mtu aweza kudhani hilo ni neno jingine, lakini wakitaja mengi husema mapanga, na hapo udugu waonekana wazi. Tena tazameni ajabu hii: kwa Wachewa lupanga ni silaha ya askari, ndilo neno walilolitia katika Biblia yao, kwa Washona banga ni kisu tu, hata kile cha kukatia nyama jikoni. Jina moja, chuma kimoja, lakini kazi mbali mbali. Mlishike jambo hili, kwa kuwa litatusaidia huko mbele.

Waswahili wa pwani zamani walikuwa na silabi lu mwanzoni mwa majina ya namna hii, kisha l ikadondoka ikabaki u. Ndivyo lupanga lilivyokuwa upanga. Na hiyo u kwa Kiswahili mara nyingi huonyesha kitu kirefu na chembamba, kama vile ufito, uzi, ukamba. Upanga basi ni chuma kirefu chembamba, chenye makali, kinachotiwa alani na kuvaliwa kiunoni. Wengi wake ni panga: upanga mmoja, panga mbili. Hata ile nyama nyekundu iliyosimama juu ya kichwa cha jogoo huitwa upanga, kwa ajili ya umbo lake.

Lakini Kiswahili chaweza kuondoa ile u, na kitu kikawa kipana na kizito. Ubao ukiwa mkubwa huitwa bao. Vivyo hivyo upanga ukiwa mpana na mfupi, wa kufyekea, huitwa panga, na wengi wake ni mapanga. Hapo ndipo wengi hupotea. Msomaji akikuta neno "panga" katika kitabu, na asitazame maneno yaliyo jirani, hawezi kujua kama ni silaha nyingi za vita au chombo kimoja cha shamba. Nabii Isaya asema kwamba siku moja mataifa watafua silaha zao ziwe vyombo vya kulimia. Katika Biblia ya Kiswahili silaha hizo ni "panga", yaani wengi wa upanga. Mtoto wa Maniema akisoma hapo huona mapanga yakifuliwa yawe majembe, akashangaa, kwa kuwa panga la kwao limekwisha kuwa chombo cha mkulima tangu lilipotoka kwa mhunzi.

Na mupanga je? Huo ndio usemi wetu wa Kongo ya mashariki. Sisi twasema muti, mukate, mukono, muto, pale watu wa Unguja wasemapo mti, mkate, mkono, mto. Tukalitia na neno hili katika kundi hilo hilo: mupanga mumoja, mipanga miwili. Kiswahili kilifika Maniema pamoja na misafara ya wafanya biashara wa Unguja na wa pwani, katika karne ya 19. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka wa 1871 aliwakuta wamekwisha kukaa hapo, na soko kubwa likikutana kando ya mto. Ndilo soko ambalo watu wake walipigwa risasi mbele ya macho yake mwezi wa Julai mwaka huo huo. Baadaye Tippu Tip alikaa Kasongo. Lokandu yenyewe, katika ramani za siku zile, iliandikwa Riba-Riba. Watu wa misafara walijiita Waungwana, na kwa hiyo lugha yao huku ikaitwa Kingwana. Vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 viliuvunja utawala wao, lakini lugha haikuondoka pamoja nao. Haikuondoka pia mbegu moja waliyoileta, nao ni mpunga, ambao hata leo ni mali ya Maniema. Kwa hiyo mtoto wa Lokandu asiyeandika kwa uangalifu aweza kukosea herufi moja tu, akapanda mipanga na kufyeka kwa mupunga! Walimu wanaosahihisha madaftari wanatuelewa.

Hatuwezi kuacha kusema neno juu ya wale wanaofundisha kwamba mupanga hutoka katika tendo la kupanga, eti kwa sababu mwenye chombo hiki huyapanga mashamba yake. Maelezo hayo ni matamu, nasi tumeyasikia hata kwa watu wenye elimu. Walakini hatuyakubali. Kupanga ni kuweka kwa safu, au kukaa katika nyumba ya mtu kwa kulipa. Huko ndiko kulikotoka mpango, mpangaji, na pango la nyumba. Kufanana kwa sauti peke yake hakutoshi. Kaa la moto, kaa wa mtoni, na kaa hapa nikuambie, ni maneno matatu yasiyojuana. Tena kipanga ni panga dogo, na kipanga ni ndege mkali anyakuaye vifaranga. Nani atasema kwamba ndege huyo amefuliwa na mhunzi?

Sasa twende kwa kupakupa. Hilo limetoka kwa Wafaransa na Wabelgiji. Kwa Kifaransa kukata ni couper, na chombo cha kufyekea katika nchi za joto wakakiita coupe-coupe, yaani "kata-kata". Ni jina la kazi, halina fumbo. Lilifika kwetu pamoja na mabwana wa barabara, wa mashamba ya michikichi na wa reli. Watu walitumwa kufyeka pande zote za njia, wakasikia neno hilo kutwa, wakalishika kwa masikio yao: kupakupa. Hakuna aliyeliandika kwanza ubaoni.

Wengine husema masheti, nalo ni machete ya Wahispania, iliyopita katika Kifaransa. Wanazuoni wa Kihispania waeleza kwamba lilizaliwa na neno macho, lenye maana ya nyundo kubwa, likapunguzwa kwa mwisho wake, kama sisi tunavyofanya nyumba kuwa kijumba. Kwa hiyo masheti kwa asili yake ni kama kusema "kijinyundo". Chombo hicho ndicho kilichokata miwa ya Kuba. Nacho ndicho walichokishika watu wa Kuba walipopigana na Wahispania kwa ajili ya uhuru, kwanza mwaka wa 1868, na tena mwaka wa 1895, kwa sababu bunduki hazikuwatosha.

Wala kupakupa halikukaa shambani tu. Katika vita vikuu vya 1914 hadi 1918, askari wa Afrika ya magharibi waliopigana upande wa Ufaransa walichukua coupe-coupe kiunoni, na habari za chuma hicho zikaenea katika mahandaki ya Ulaya. Kwa hiyo anayeliacha neno mupanga kwa sababu ya damu, akashika kupakupa apate neno safi, ameondoka penye moshi akaenda penye moshi.

Na neno letu nalo limesafiri. Waingereza walilichukua katika Afrika ya mashariki, wakalitia katika kamusi zao kama lilivyo: panga. Lilijulikana sana huko kwao tangu mwaka wa 1952, habari za Mau Mau za Kenya zilipoandikwa katika magazeti yao. Ni bahati mbaya ya neno hili kwamba wageni wengi walilisikia kwanza katika habari za kuua. Mwaka wa 1994, yalipotokea maangamizi ya Rwanda, dunia nzima ikaliona tena kwa namna hiyo. Wachache katika hao waliwahi kumwona mama akirudi jioni, mtoto mgongoni, kuni kichwani, na mupanga juu ya kuni.

Turudi sasa kwa Mtakatifu Petro, kwa maana swali la yule mtoto lilikuwa na akili kuliko walivyodhani wenzake waliocheka.

Injili ziliandikwa kwa Kigiriki, na neno lililomo katika habari ya Gethsemani ni machaira. Kwa Wagiriki machaira lilikuwa kisu kikubwa, nalo pia lilikuwa upanga mfupi. Mwenye kuchinja mnyama alikuwa na machaira, na askari alikuwa na machaira. Wale waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki, zamani kabla ya Bwana wetu kuzaliwa, walipofika katika habari ya Ibrahimu kumtoa Isaka juu ya mlima, kile kisu alichokichukua mkononi walikiita machaira vilevile. Na Mtakatifu Yeronimo alipoitia Biblia katika Kilatini, aliandika gladius kwa kisu cha Ibrahimu na gladius kwa upanga wa Petro. Ni Kiswahili chetu kilichotenga: kwa Ibrahimu kikasema kisu, kwa Petro kikasema upanga.

Ni kitu gani basi alichokuwa nacho Petro? Mtakatifu Yohane Krisostomo, Askofu wa Konstantinopoli, aliyekufa mwaka wa 407, alijiuliza jambo hilo hilo alipowafafanulia watu Injili ya Matayo: mitume walipata wapi silaha, wao wasiochukua hata fimbo? Akajibu kwamba yaelekea walikuwa nazo kwa ajili ya mwana-kondoo wa Pasaka, waliyekuwa wametoka kumla. Kwa mawazo hayo, chuma alichokishika Petro kilikuwa chombo cha mezani na cha machinjoni, kisha hofu na hasira vikakigeuza kuwa silaha katika dakika moja. Tena Petro alikuwa mvuvi. Watu wa Lokandu, wanaowaona Wagenya mitumbwini kila siku, wanajua kwamba mvuvi hakosi kisu cha kukatia kamba na kupasulia samaki.

Kwa hiyo mwalimu alisema vema kwamba siku hizi upanga na mupanga tumevitenga. Lakini mtoto naye alinusa jambo la kweli. Petro hakuwa ametoka kulima, ila inawezekana sana kwamba chuma chake kilikuwa karibu na mupanga wa nyumbani kuliko na upanga wa askari wa Roma.

Si kila "upanga" wa Biblia ni machaira. Mzee Simeoni alipomtabiria Bikira Maria uchungu utakaompenya moyo, Mtakatifu Luka aliandika rhomphaia, nayo ni silaha kubwa ya vita, ya kutisha. Neno hilo hilo limo katika habari ya upanga wa moto uliowekwa kulinda njia ya mti wa uzima, baada ya Adamu na Eva kufukuzwa. Hapo hakuna mtu wa kufikiri kisu cha jikoni. Makatekista wanaoeleza Mateso Saba ya Bikira Maria wafanye hadhari kwa hiyo: watu wakisikia "mupanga" katika moyo wa Mama wa Mungu, huona picha nyingine isiyofaa. Hapo waseme upanga.

Tumebakiza mama yule. Baadhi ya wasomaji watasema ni ushirikina kuogopa neno. Sisi hatusemi hivyo. Kindu ilitekwa na Wasimba mwezi wa Julai mwaka wa 1964, na waliouawa katika miezi ile, raia na watumishi wa serikali, wana jamaa zao hata leo. Baadaye vikaja vita vya 1996 na vya 1998, na bendi za porini, na vijiji vilivyoamka usiku. Hatumjui mama huyo, wala hatukumwuliza aliona nini. Mtu aliyeona jambo kwa macho yake hana haja ya kamusi. Basi mwanawe na aseme kupakupa nyumbani, bila kubishana na bila kumfanyia mzaha, hapotezi kitu. Darasani aandike mupanga au panga, kwa sababu ndilo jina ambalo babu zake wa zamani sana walikuwa nalo kabla ya msafara wowote kufika Lualaba, na kwa sababu lugha haiwezi kuachiwa wauaji, wachague wao maneno yatakayobaki. Pwani iko methali isemayo kwamba amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Sisi hatuipendi methali hiyo, hata kama ni ya kale. Aliyeikataa kwa neno moja ni Bwana wetu mwenyewe, usiku ule ule, alipomwambia Petro akirudishe chuma mahali pake, kisha akaligusa sikio la Malko likapona.

Tuseme maneno machache ya kazi, kwa faida ya wanafunzi, maana twaona wengi wanajua kushika chombo lakini hawajui kutaja viungo vyake. Sehemu ya mkononi ni mpini, ama kipini kikiwa kidogo. Upande unaokata ni makali; yakichoka, panga ni butu, lapasa kunolewa kwa kinoo au kwa tupa. Mwisho wake ni ncha. Ubavu wake mpana ni ubapa. Mtu akipigwa kwa ubapa hakatwi, lakini atakumbuka. Nyumba ya upanga ni ala. Mipanga ya dukani hutoka viwandani, nayo hukatwa katika bamba la chuma. Lakini wahunzi wetu wangali wakifua mipanga kwa chuma cha magari mabovu, hasa zile resori za malori, na wakulima wengi husema huo haupindiki upesi. Katika kiangazi, tangu Juni, ndio unaotangulia msituni kukata vichaka na miti midogo; miti mikubwa huachiwa shoka; kisha vyote huachwa vikauke, moto ukafuata, na mpunga na mihogo vikapandwa mvua zikirudi.

Kwa kuandika, basi: upanga mmoja, panga nyingi, ikiwa ni silaha ya alani. Panga moja, mapanga mengi, ikiwa ni chombo cha kufyekea, kwa Kiswahili cha shule. Mupanga na mipanga ni usemi wa nyumbani kwetu. Si kosa kinywani, lakini katika mtihani mwanafunzi afuate alivyofundishwa. Kupakupa halibadiliki, liwe moja au mia.

Wanafunzi wa Lokandu waliuliza pia habari za neno shoka. Nalo ni la kale, nalo lina ndugu zake, hata huko Ukambani. Hilo twaliweka kwa juma lijalo.